Vishikwambi 6, watoto 46: nivitumie au nivifungie kabatini?

*Swali: Mimi ni mwalimu wa PP2, yaani mwaka wa pili wa chekechea, katika kituo cha chekechea cha umma nje kidogo ya Ahero, Kaunti ya Kisumu. Nina watoto 46 na msaidizi mmoja. Mfadhili alituletea vishikwambi 6 vyenye michezo ya herufi na hesabu, yote kwa Kiingereza. Mwalimu mkuu anataka vitumike kila siku, kwa sababu shule ya kibinafsi iliyo ng'ambo ya barabara imebandika bango la masomo ya kidijitali na wazazi wameanza kuhamisha watoto. Watoto wakivishika wananyamaza tuli na darasa linakuwa rahisi, ila sijui kama wanajifunza. Kuna mvulana anayefuatisha herufi zote kwenye kioo bila kukosea, lakini ukimpa penseli hawezi kuandika jina lake. Mama mmoja amenikataza kabisa kumpa mwanawe, anasema mionzi itamharibu ubongo. Tena nina msichana aliyezoea simu ya nyumbani: katuni za Kiingereza anazijua neno kwa neno, lakini ukimwita haitiki. Nifanye nini?*

Mwalimu, umeniuliza kuhusu vishikwambi, lakini nitaanza na huyo msichana. Vishikwambi vinaweza kungoja hadi muhula ujao. Yeye asingojeshwe.

Mtoto wa miaka mitano asiyeitika jina lake tusimwite mtoto "aliyezoea simu" kabla masikio yake hayajapimwa. Najua utaniambia kwamba anasikia, mbona katuni anazikariri? Lakini fikiria: simu huwa karibu na uso wake, sauti imepandishwa, na maneno ni yale yale kila siku. Sauti yako inamfikia kutoka upande wa pili wa chumba, ikipita katikati ya watoto wengine 45. Mtoto anayesikia nusunusu anaweza kuimudu simu vizuri na akashindwa na darasa. Magonjwa ya masikio ni ya kawaida sana katika umri huu, na wazazi wengi huyachukulia kama mafua tu.

Yapo pia mambo mengine mawili. Huenda nyumbani ni Dholuo, darasani ni Kiswahili na Dholuo, na simu ni Kiingereza, kwa hiyo anachokijua hakioani na anachoulizwa. Au huenda ni usonji (autism). Kurudia maneno yaliyosikika mahali pengine bila kuyatumia kuzungumza na mtu ni mojawapo ya dalili zake, lakini dalili moja haitoshi kumbandika mtoto jina, na wewe na mimi sio wa kulibandika. Simu haijathibitishwa kuwa chanzo cha usonji. Nalisema hili kwa sababu najua mazungumzo ya langoni yanavyokwenda: mama anaambiwa "ni hiyo simu yako," anaona aibu, na mtoto haletwi tena.

Kwa wiki moja au mbili, chunguza na uandike. Mwite kwa nyuma, kwa sauti ya kawaida, wakati hana kifaa chochote mbele yake. Je, anageuka? Akisikia pikipiki au mbuzi nje, anageuka? Huwa anakuonyesha kitu kwa kidole ili tu ukitazame pamoja naye, si kwa sababu anakitaka? Mwambie kwa lugha ya kwao, "Chukua kikombe umpelekee msaidizi," bila kuashiria kwa mkono. Angalia kama anaigiza michezoni, kwa mfano kumlisha mwanasesere au kupika matope. Halafu zungumza na mama faraghani, umweleze ulichokiona, si unachokidhania. Muulize kama sikio huwa linatoka usaha, kama mtoto aliwahi kuugua malaria kali au homa ya uti wa mgongo, na kama kuna maneno aliyokuwa akiyasema zamani kisha yakapotea. Maneno yakiwa yamepotea, msikae hata wiki.

Kutoka hapo aende kliniki na kijitabu chake cha afya ya mama na mtoto, aombe kupimwa usikivu. Mkielekezwa hospitali ya rufaa, Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu ndiyo iliyo karibu nanyi. Kwa upande wa masomo kuna kituo cha tathmini cha wizara, kile walimu hukiita EARC, ambacho kazi yake ni hii hasa. Muulize afisa wa elimu wa kaunti ndogo kilipo kile kinachowahudumia. Mama aende na maandishi yako. Anayempima ataona mtoto kwa saa moja, nawe umemwona kwa miezi.

Sasa turudi kwa vishikwambi, na kwanza tuiondoe mionzi. Kifaa hicho hutoa mawimbi ya redio hafifu, yasiyo na nguvu ya kuvunja chembechembe za mwili kama yanavyofanya mawimbi ya eksirei. Kama michezo yenu haihitaji intaneti, unaweza kuzima mawasiliano yote ya kifaa na hata hayo machache yakapungua. Mwambie mama hivyo, lakini usimcheke, maana hofu yake ina msingi hata kama ameuweka mahali pasipo pake. Madhara ya skrini kwa mtoto mdogo hayatokani na kinachotoka kwenye kioo. Yanatokana na kile ambacho mtoto hakufanya alipokuwa amekitazama: hakukimbia, hakulala, hakuongea na mtu.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, lilipotoa mwongozo wake mwaka wa 2019 kwa watoto walio chini ya miaka 5, lilihesabu skrini pamoja na usingizi na mwendo wa mwili. Mtoto wa miaka 3 au 4 anahitaji angalau dakika 180 za kujishughulisha kwa viungo kwa siku na saa 10 hadi 13 za usingizi, na muda wa kuketi mbele ya skrini usizidi saa 1, na ukipungua ni bora zaidi. Watoto wako wengi wako kwenye umri huo au wameupita juzi tu. Kumbuka pia kwamba saa hiyo ni ya siku nzima. Kama jioni mtoto anatazama televisheni kwa jirani, tayari ameitumia, na shule haina haki ya kumwongezea nyingine.

Kinachonitia wasiwasi kuliko mionzi ni huo ukimya ulioutaja kwa shukrani. Sikulaumu. Mwenye watoto 46 akipata dakika kumi za utulivu atazipokea kwa mikono miwili. Lakini utulivu wa aina hiyo si alama ya kujifunza. Picha inayobadilika kila mara, kengele, nyota na makofi humshika mtoto macho hata pale ambapo hafuatilii chochote.

Mtoto mdogo hujifunza lugha kwa kujibiwa. Anasema, mtu anamjibu. Ananyoosha kidole, mtu anatazama alikokielekeza na kukitaja kitu kile. Anakosea, mtu anacheka kidogo na kulirudia neno kwa namna nyingine. Jibu linafuata alichofanya yeye, papo hapo. Mwaka wa 2003 Patricia Kuhl na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa watoto wachanga wa miezi 9 waliozaliwa katika nyumba za Kiingereza. Kundi moja lilichezeshwa na watu waliokuwa wakizungumza Kichina, nalo likajifunza kuzitofautisha sauti za Kichina. Makundi mengine yalipewa watu wale wale, lakini kwenye video au kwa sauti iliyorekodiwa. Hayo hayakuambulia kitu. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka wa 2014, uliwachukua watoto wa miaka miwili hivi wakafundishwa vitenzi vipya. Kwa video iliyorekodiwa hawakuvishika. Kwa simu ya video, ambapo mtu wa upande wa pili aliwaona na kuwajibu, walivishika kama vile wangefundishwa ana kwa ana.

Kwa hiyo kioo chenyewe si sumu. Swali ni kama kuna mtu anayejibu. Watoto wako si wachanga, wana miaka mitano, na wanaweza kuokota kitu kwenye katuni nzuri ya Kiswahili au mchezo uliotengenezwa vyema. Lakini hata wao huokota zaidi mtu mzima anapokaa nao akiuliza, "Unadhani sasa atafanya nini? Kwa nini?" Mchezo wa herufi hauwezi kuuliza hivyo. Unajua majibu mawili tu, ndiyo na hapana, na mtoto mwerevu atabonyeza kila kitu hadi makofi yalie.

Hapo ndipo utamwelewa mvulana wako. Anapofuatisha herufi kwenye kioo, programu imeshaamua inaanzia wapi, inapinda wapi na inaishia wapi. Kidole kinafuata nukta tu. Ukimpa penseli hana nukta. Lazima aikumbuke herufi, aipange kichwani, kisha aitoe kwa mkono, nayo hutoka mbovu, kila mara mbovu kwa namna yake. Ubovu huo una kazi. Anaiona A iliyolala, A yenye miguu mirefu, A isiyofunga juu, na polepole anang'amua ni nini hasa kinachoifanya iwe A. Karin James wa Chuo Kikuu cha Indiana na mwenzake waliwachunguza watoto wa miaka mitano waliokuwa bado hawajajua kusoma, na wakachapisha matokeo mwaka wa 2012. Baadhi ya herufi watoto waliziandika kwa mkono wao wenyewe, nyingine walizifuatisha, nyingine walizibonyeza kwenye kibodi. Baadaye walionyeshwa herufi hizo ubongo wao ukipigwa picha. Sehemu za ubongo ambazo mtu hutumia kusoma ziliamka zaidi kwa zile herufi walizoziandika wenyewe. Kufuatisha hakukuleta matokeo hayo.

Kwa hiyo huyo mvulana hana tatizo la akili wala uvivu, ila amefanya mazoezi ya kitu kingine. Mpe kijiti na mchanga, chaki na sakafu, penseli nene iliyokatwa fupi. Mpe pia udongo. Mko kwenye uwanda wa Kano, udongo wa kufinyanga hamhitaji kuununua. Vidole vinavyofinyanga, kuchambua mchele, kufunga vifungo vya shati na kutunga shanga ndivyo vitakavyoishika penseli bila kuchoka. Akiendelea kushindwa baada ya muhula mzima wa mazoezi ya namna hiyo, au ukiona mkono mmoja ni dhaifu kuliko mwingine, naye apelekwe akatazamwe.

Ukinilazimisha nichague kati ya kuvitumia vishikwambi mnavyovitumia sasa na kuvifungia, nitakuambia fungia. Watoto wako hawatapoteza kitu cha maana. Ule msemo kwamba asiyeanza kubonyeza akiwa na miaka minne ataachwa nyuma na dunia hauna uzito. Vifaa hivi vimetengenezwa viwe rahisi kiasi kwamba nyanya yake hujifunza kutuma pesa kwa simu bila kuwahi kukanyaga darasa la kompyuta. Hata serikali ilipogawa vishikwambi vya shule za umma kuanzia mwaka wa 2016, vile ambavyo Chuo Kikuu cha Moi kilihusika kuviunganisha, iliwalenga wanafunzi wa darasa la kwanza, si chekechea. Kweli, ujuzi wa kidijitali ni mmoja wa umilisi wa msingi 7 katika mtaala wetu, na mtaala unavitaja vifaa hivi miongoni mwa nyenzo. Lakini umilisi haupimwi kwa dakika alizokaa mtoto akitazama kioo.

Ipo njia ya tatu nami naipendelea, ila itakutaka uisahau michezo iliyokuja ndani ya kifaa na utumie vitu viwili ambavyo hakuna mfadhili anayevitangaza: kamera na kinasa sauti. Havihitaji bando, havina lugha ya kigeni, na havimpi mtoto jibu lolote hadi yeye mwenyewe afanye kitu.

Chukua watoto watano na kifaa kimoja. Wapeleke nje watafute vitu ambavyo jina lake linaanza kwa sauti fulani, kwa lugha wanayoizungumza. Mmoja anashika, mmoja anachagua, mwingine anataja, kisha wanabadilishana. Watabishana kama hicho ni kijiti au ni mzizi, na ubishi huo ndio somo la lugha lenyewe. Wakirudi ndani waonyeshe wenzao picha na kuzieleza. Pandeni maharagwe kwenye kopo na kila asubuhi mtoto mmoja ayapige picha kutoka mahali pale pale. Baada ya wiki mbili zipitisheni picha haraka haraka kwa kidole, na watoto waone mche ukinyanyuka na kugeukia dirisha. Jambo hilo jicho haliwezi kulifanya, wala ubao, wala kitabu. Kifaa kimefanya kazi ambayo bila chenyewe isingewezekana, na kwangu hicho ndicho kipimo cha kukileta darasani.

Kuhusu kinasa sauti, mwombe nyanya wa mtoto mmoja aje asimulie sigana, yaani hadithi ya jadi ya Waluo, umrekodi kwa ruhusa yake. Watoto wasikilize, wasimamishe katikati, wabashiri, kisha wasimulie wao wenyewe na kujirekodi. Mtoto anayejisikia kwa mara ya kwanza hucheka, halafu huomba arudie ili aseme vizuri zaidi. Sijawahi kuona karatasi ya zoezi iliyoleta ombi hilo. Nawe utapata faida nyingine: ukirekodi kila mtoto akisimulia kitu mwanzoni na mwishoni mwa muhula, una ushahidi wa maendeleo ambao mzazi hata asiyejua kusoma anaweza kuusikia kwa masikio yake.

Mahesabu ya darasa lako pia yanaelekea huko. Ukigawa kifaa kimoja kwa mtoto mmoja, dakika kumi kila mmoja, utahitaji zamu nane, yaani dakika 80, nawe umekuwa askari wa foleni. Ukiwaweka watano watano kwenye kifaa kimoja, huku msaidizi akiwashughulikia wengine kwenye udongo, visoda vya kuhesabia na michezo ya nje, makundi mawili kwa siku yanatosha, dakika kumi na tano au ishirini kila kundi. Kila mtoto atakifikia mara moja kwa wiki. Mara moja kwa wiki inatosha.

Kama mtabakiza mchezo mmoja wa hesabu, uwe usio na matangazo, usiopiga kelele kwa kila mguso, na unaomwachia mtoto nafasi ya kufikiri. Kisha ujaribu: mtoto akishakamilisha kuhesabu mipira saba kwenye kioo, mmwagie visoda mezani umwambie akupe saba. Akishindwa, mchezo umemfundisha mchezo tu.

Mwalimu mkuu naye anahitaji kusikilizwa, kwa sababu watoto wakihama wanamwacha na madawati matupu. Lakini shindano la mabango hamtalishinda, na sioni sababu ya kuliingia. Mwite siku ambayo watoto wanaeleza picha zao za maharagwe. Waalikeni wazazi, mwekeeni kila mzazi sauti ya mwanawe ya mwezi wa kwanza na ya mwezi wa tatu. Nadhani atapata cha kujivunia kuliko safu ya watoto walioinama. Akisisitiza bado kwamba ni kila siku, kumbuka kwamba tangu katiba ya 2010 chekechea iko chini ya kaunti. Mpeleke swali hilo kwa afisa wa kaunti anayesimamia masomo ya chekechea, mkiwa wawili, bila ugomvi.

Tahadhari moja kuhusu hizo picha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, na picha ya uso wake ni taarifa. Mwaka wa 2023 shule moja humu nchini ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Pigeni picha vitu na kazi za mikono kuliko nyuso, wazazi watie sahihi karatasi ya idhini, na msiziweke kwenye kundi la WhatsApp la darasa wala kwenye ukurasa wa shule. Huyo mama wa mionzi akikataa hata baada ya maelezo, mwanawe awe mtajaji wa vitu bila kushika kifaa. Hatakosa kitu.

Kwa hiyo toa vishikwambi viwili, vitatu ukiwa na msaidizi mzuri. Ondoa au ficha michezo ya kufuatisha herufi, zima mawasiliano, punguza mwanga wa kioo. Vingine vibaki kabatini vikiwa na chaji ya nusu, maana betri iliyoachwa ikiwa imeisha kabisa kwa miezi huharibika, na vitakuja kufaa hivi vya kwanza vikianguka sakafuni. Vitaanguka.